Somo: Pikipiki ya silinda mbili iliyolala miaka, usikimbilie kufungua injini

Wakuu, salaam. Somo hili ni la mwenye Honda CD175, CD200, CB200 au Yamaha RD125 na RD200, aliyoirithi kwa mzee au kuikuta imefunikwa turubai uani. Spea zake zinasumbua, kweli, lakini hapa Mwanza kuna kinachosumbua zaidi. Mafundi wetu wengi wamekulia kwenye boksa na TVS, silinda moja. Ukimpelekea ya silinda mbili inayokohoa na kukosa nguvu kilima cha Isamilo, jibu ni lile lile: "Ringi zimeisha, tufungue." Injini ikishafunguliwa, gasketi ikachanika na boliti mbili zikakatika, umeingia gharama kwa ugonjwa ambao pengine ulikuwa wa waya wa plagi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: boliti ya silinda hedi haiguswi mpaka ujue ni silinda ipi haifanyi kazi, na kwa nini.

Hatua ya 1: Ijue krenki yako (shafti inayozungushwa na pistoni)

Toa plagi zote mbili. Weka mrija wa soda kwenye kila tundu, ushike kwa vidole usizame. Tia gia ya juu kabisa, kisha zungusha gurudumu la nyuma polepole. Mirija ikipanda na kushuka pamoja, krenki ni ya digrii 360. Ikipishana, mmoja juu mwingine chini, ni ya digrii 180.

Hili si jambo la kujifurahisha tu. Honda nyingi ndogo za digrii 360, CD175 ikiwemo, zina koili (kifaa kinachopandisha umeme wa cheche) moja yenye waya mbili, na plagi zote zinapiga cheche kwa wakati mmoja. Yamaha RD ni mambo mengine: kila silinda ina kabureta yake, koili yake na pointi zake (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche ipige), kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Ugonjwa wa huku hauhamii kule.

Gurudumu likigoma kabisa, pistoni zimeshika. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili nusu kwa nusu kwenye matundu ya plagi, acha siku kadhaa, jaribu tena kwa mkono. Usiirukie kiki. Anayeruka juu ya kiki ya injini iliyoshika anavunja meno ya gia, na hizo gia huzipati dukani.

Hatua ya 2: Tangi na kabureta

Ziwa letu halina chumvi, lakini unyevu wake unatosha kula tangi lililokaa nusu tupu. Fungua koki, mulika ndani kwa tochi. Kama kuna kutu, ziba tundu la koki, jaza siki, tia nati chache za zamani, tikisa kila ukipita. Ikishatoka, suuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, suuza tena kwa maji safi, kausha juani, na papo hapo zungusha oili kidogo ndani. Ukiliacha kavu usiku mmoja tu, kutu ya rangi ya chungwa inarudi.

Kwenye kabureta, angalizo la kwanza ni bisibisi. Skrubu za Kijapani zina nyota ya kipimo cha JIS (viwango vya Japani). Bisibisi ya nyota ya kawaida hupanda juu na kuchonga kichwa cha skrubu, halafu mtu anaanza kutafuta patasi. Tafuta bisibisi ya JIS, au ile ya kugonga kwa nyundo.

Jeti ndogo ndiyo inayoziba kwanza, kwa sababu tundu lake ni jembamba sana. Isafishe kwa dawa ya kabureta na upepo. Ukiingiza waya wa chuma unapanua tundu, na hakuna wa kukurudishia kipimo. Kwenye zenye kabureta mbili, hakikisha ukivuta mkono wa mafuta slaidi (vizibo vinavyofungulia hewa) zote mbili zinaanza kunyanyuka kwa pamoja. Ingiza shina la biti nyembamba ya drili chini ya slaidi moja, kisha nyingine, na ulinganishe. Moja ikichelewa, rekebisha kebo yake.

Hatua ya 3: Moto

Hapa ndipo muda wako uishie, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea.

Pointi zikikaa miaka zinaota utando. Zipitishe msasa laini sana, zifute kwa kipande cha karatasi safi, kisha pima uwazi: 0.3 hadi 0.4 mm. Plagi ni 0.6 hadi 0.7 mm. Kwa kupima wakati wa cheche, chukua taa ndogo yenye waya mbili, moja kwenye pointi na nyingine kwenye bodi, swichi ikiwa imewashwa. Zungusha krenki taratibu. Taa inapowaka tu, pointi zimeanza kufunguka, na alama ya F inatakiwa iwe imelingana na alama ya kwenye bodi ya injini. Alama ya T ni ya pistoni kuwa juu. Usizichanganye.

Sasa ule mtego. Kwenye koili ya waya mbili, umeme unatoka plagi moja, unapita kwenye bodi ya hedi, unarudi kwa plagi ya pili. Fundi akichomoa waya mmoja na kuuacha unaning'inia ili "asikilize silinda", na upande wa pili unaweza kudhoofika au kufa kabisa. Basi anatangaza koili imekufa. Tena kuacha waya ukining'inia kunaweza kuichoma koili kweli. Kila plagi unayoitoa, irudishe kwenye kofia yake na uilaze igusane na chuma cha hedi.

Hatua ya 4: Tapeti

Honda za aina hii za miaka ya 1970 huwa zinataka nafasi ya 0.05 mm kati ya tapeti na valvu, injini ikiwa baridi. Ni nafasi ndogo mno, na valvu isiyofunga vizuri inafanana kabisa na "ringi zimeisha". Kwenye krenki ya 360 pistoni zote mbili ziko juu kwa pamoja, lakini moja tu ndiyo iko kwenye kubana hewa. Weka tapeti za silinda hiyo, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, ndipo uweke za ya pili. Aliyezoea silinda moja anaziweka zote kwa mkupuo, na upande mmoja unabaki na valvu iliyobanwa. RD ni ya viharusi viwili (two-stroke), haina tapeti, ruka hatua hii.

Hatua ya 5: Washa, tafuta mgonjwa

Badilisha oili kwanza. Honda hizi nyingi husafisha oili kwa chombo kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, nyuma ya kava la kulia. Kifungue, utakuta tope la miaka limeganda ukutani mwake. Oili unayonunua iwe na alama ya JASO MA (ya oili ya pikipiki) kwenye kopo, la sivyo klachi inaweza kuteleza.

Ikiwaka, iache dakika moja, dondosha tone la maji kwenye kila bomba la eksozi karibu na hedi. Linalochemka na kutoweka, silinda yake inafanya kazi. Linalotiririka tu, huyo ndiye mgonjwa.

Kama una kabureta moja, kama CD, na silinda moja imekufa, kabureta siyo mshukiwa wa kwanza, maana inalisha pande zote. Hamisha plagi kushoto kwenda kulia. Ugonjwa ukihama, ni plagi. Usipohama, hamisha waya. Kwenye 360 ya koili moja hilo linaruhusiwa kwa sababu cheche zinapiga pamoja. Ukibaki pale pale, rudia tapeti. Mwisho kabisa pima kompresheni ya pande mbili na uzilinganishe. Iliyo chini itilie matone ya oili kwenye tundu la plagi, pima tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Sasa una haki ya kufungua injini.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Swali (Nansio): Shikamoo fundi. Nina RD125, na huku kisiwani oili ya mashine za boti ndiyo tele. Nikiitumia kuna shida?

Jibu: Marahaba. Ipo shida. Oili ya boti yenye alama ya TC-W3 imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. RD inapozwa na upepo, pistoni zake zina joto kali zaidi, na oili ile hailindi vya kutosha. Tafuta yenye JASO FC au FD. Ila kwa fundi wa boti nakuunga mkono. Wale wa Mwaloni Kirumba wanaofungua Yamaha za silinda mbili kila siku, viharusi viwili, wanaielewa RD kuliko fundi boksa yeyote.

Swali (Igoma): Mkuu, CB200 yangu plagi zote mbili nyeusi tii, na nimeshasafisha kabureta. Je, ni ringi?

Jibu: Zote mbili kwa mpigo? Ni nyeusi kavu kama masizi au ina unyevu wa oili?

Swali (Igoma): Kavu.

Jibu: Basi mafuta ni mengi kuliko hewa, ringi ziache. Angalia kama choki inafunguka mpaka mwisho, na kama sponji ya hewa haijaziba. Kumbuka pia ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huku inazidisha mafuta. Pandisha klipu ya sindano ya kabureta mfuo mmoja juu, sindano itashuka. Fanya hivyo kabureta zote mbili.

Swali (Magu): Mwangaluka fundi. Yangu ni ya volti 6. Fundi umeme kaniambia niweke betri ya boksa ya 12, tumalize maneno.

Jibu: Mwangaluka. Usikubali. Taa zitaungua, koili itapata joto, na chaji ya 6 haitaijaza betri ya 12. Ulizia betri ya volti 6 inayotumika kwenye mizani ya kidijitali ya samaki na taa za dharura. Ni ndogo, itakuvusha tu wakati ukitafuta yenye ukubwa wake. Ukiifunga, angalia vizuri chanya na hasi.

Swali (Sengerema): Kuna mzee anauza CD200, nzima, ila anasema kadi ilipotea zamani. Bei yake inanivutia.

Jibu: Mwombe mzee ashughulikie kadi TRA kwa jina lake kwanza, ndipo mhamishe umiliki. Kabla ya hapo usitoe hata ya kishika uchumba. Soma namba ya chasi kwenye shingo ya fremu na ile ya kwenye bodi ya injini, zipige picha, zilinganishwe na kumbukumbu. Shingo ikionekana imepigwa rangi mpya mahali penye namba tu, rudi nyumbani.

Swali (Sengerema): Na yeye mzee akisema hana muda wa kwenda TRA?

Jibu: Mpeleke kwa nauli yako, mkuu. Akikataa na hilo, umeshapata jibu.