Kabla hujachimba mtaro shambani Dodoma

Mkulima wa Chamwino au Bahi akilalamika kwamba maji yanatuama shambani, wa nje huona kama anatania. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tatizo ni kwamba huja kwa vishindo. Zikipiga mbili tatu kubwa za Januari, mahindi yanageuka njano na mizizi ya zabibu inaoza kwa kukosa hewa. Ifikapo Septemba, shamba hilohilo halina hata unyevu.

Basi kabla ya kushika sururu, jua maji yanatoka wapi. Novemba, ardhi ikiwa kavu, chimba shimo la kina cha mita moja hivi pale yanapotuama. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi, elewa kwamba ukilowa huvimba na nyufa hujifunga. Maji hayashuki, na mtaro utakausha pembeni mwake tu. Hapo mimi ningefikiria mpunga au matuta ya juu kuliko kupigana na mbuga. Ukikuta udongo mwekundu wa kichanga juu na tabaka gumu karibu na kina cha jembe, huenda ni plau iliyopita kina kilekile miaka nenda miaka rudi. Livunje tabaka hilo, huenda usihitaji mtaro kabisa.

Usilifukie shimo (lizungushie miiba, mbuzi na watoto wasitumbukie). Mvua zikikolea, litazame tena. Maji yakipanda kutoka chini siku ambazo hazikunyesha, maji ya ardhini yako karibu. Lakini mara nyingi utayaona yakiingia kwa juu, yametiririka kutoka mlimani uliobaki kipara. Hayo dawa yake iko huko mwinukoni: makinga maji yanayofuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja wa mwinuko, yapimwe kwa fremu A (miti iliyoungwa kama herufi A, yenye timazi) au bomba jembamba la kupimia usawa kwa maji, si kwa macho. Kinga lililopinda hukusanya maji sehemu moja, likipasuka linaacha korongo.

Usiwe na haraka ya kuyafukuza yote. Visima vya Makutupora, vinavyolisha jiji la Dodoma, vina kumbukumbu za tangu miaka ya 1950, na zinaonyesha kuwa maji ya ardhini hupanda hasa katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama El Niño ya 1997/98. Miaka mingi katikati yake hushuka tu. Mafuriko unayoyachukia ndiyo akiba yenyewe. Ukiyapeleka moja kwa moja korongoni, yamekwenda. Heri mtaro umwage kwenye shimo kubwa au kipande cha kichanga chenye miti.

Kuhusu miti, wapo wanaosema inaleta maji na wapo wanaosema inayanywa. Wote wana haki, kwa kutegemea mti na mahali. Mizizi na majani yaliyooza hufungua ardhi, mvua ikazama badala ya kukimbia. Mti huohuo huvuta maji ili uishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Burkina Faso, nchi yenye ukame kama wetu, ulionyesha kwamba miti ya wastani iliyotawanyika huingiza maji mengi ardhini kuliko eneo tupu, na pia kuliko msitu uliosongamana. Kwa hiyo anza na visiki vilivyo hai shambani, chagua machipukizi machache, mengine yapogoe. Mkababu, mti wa jamii ya migunga, unafaa katikati ya mazao kwa sababu hupukutisha majani wakati wa mvua. Mkaratusi hunywa maji mengi, uweke mbali na kisima. Kama unataka kukausha kona yenye majimaji, huko ndiko kwake.

Mwisho, mtaro utamwaga kwa nani? Zungumza na jirani wa chini kabla, si baada ya mahindi yake kuzama. Ukiwa karibu na mto au chanzo cha maji, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Uchimbaji ukamilike kabla ya Desemba, na udongo unaoutoa urundike upande wa chini wa mtaro, usije ukarudi ndani na mvua ya kwanza.