Ubao wa Wakuu wa Chuo: Namna ya Kuandika Historia Yake

Katika ofisi nyingi za vyuo na skuli za Unguja na Pemba upo ubao ukutani wenye majina ya wakuu waliopita, kila jina na miaka yake. Mtu akipewa kazi ya kuandika historia ya uongozi, hunakili ubao huo, akatia picha mbili tatu, kazi ikawa imekwisha. Lakini ubao si ushahidi. Mara nyingi umeandikwa siku moja, kwa kukumbuka tu, chuo kikijiandaa kupokea mgeni rasmi. Dalili zake zi wazi: rangi na mwandiko ni ule ule tangu jina la kwanza hadi la kumi, miaka inafuatana bila pengo, na hakuna kaimu hata mmoja. Chuo kisichowahi kuwa na kaimu hakijajengwa bado.

Anza na ubao, ila uuchukue kuwa orodha ya madai yanayongoja kuchunguzwa.

Kwanza amua unamwandika nani

Neno "mkuu wa chuo" lina mtego. Katika chuo cha ualimu, mkuu wa chuo ndiye anayesaini barua na kushika funguo. Katika chuo kikuu, Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima. Kwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) cheo hicho hushikwa na Rais wa Zanzibar, na mwendeshaji wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Ukiwachanganya, msomaji atadhani mtu ameshushwa cheo, kumbe taasisi ndiyo iliyobadilika. Tena kwetu "chuo" ni pia pale mtoto anapofundishwa Kurani, na "Maalim" ni wa huko na wa skuli vilevile. Kwa hiyo andika cheo kama kilivyo kwenye karatasi yenyewe, usikitafsiri.

Majina ya vyuo nayo hubadilika. Chuo cha ualimu cha Beit el-Ras ndicho kilichokuja kuitwa Nkrumah, na leo majengo yake ni kampasi ya SUZA, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Je, wakuu wa Nkrumah waingie katika orodha moja na waliofuata? Kanuni inayofaa ni kuwafuata wanafunzi na madaftari. Walioandikishwa chini ya jina la zamani wakamalizia chini ya jipya, na madaftari yakaendelea, basi mnyororo ni mmoja. Kama chuo kilimezwa na kikubwa zaidi, funga orodha yake hapo, na mkuu wa mwisho abaki wa mwisho.

Jedwali lenye safu saba

Tengeneza jedwali kabla ya kuandika aya yoyote: jina kamili, cheo, alianza, alimaliza, sababu ya kuondoka, ushahidi, kiwango cha uhakika. Jina liwe la matatu, na lakabu ikiwepo, kwa sababu kina Ali Juma na Fatma Omar ni wengi. Tazama pia tahajia: Said, Seyyid na Saidi wanaweza kuwa mtu mmoja katika mafaili matatu.

Uhakika uupe herufi. A ni hati mbili zisizonakiliana. B ni hati moja. C ni kumbukumbu ya mtu bila karatasi. Ubao wa ukutani ni C, hata ukiwa wa mninga.

Safu ya kuanza ndiyo inayogombanisha watu. Mkuu mmoja ana tarehe tatu: ya barua ya uteuzi, ya kuripoti, na ya kukabidhiwa ofisi. Baina ya ya kwanza na ya tatu inaweza kupita miezi, na ikiangukia Disemba, mwaka mzima unahama. Chagua moja kwa orodha nzima. Iliyo bora ni ya makabidhiano, kwani tangu siku hiyo saini inabadilika, na saini inaonekana. Kila kaimu apewe mstari wake, hata wa wiki sita. Mapengo baina ya wakuu ndiyo yanayoonesha chuo kilivyoyumba: mkuu amehamishwa ghafla, au wizara haijaamua, au hakuna aliyetaka kwenda kukaa shamba.

Karatasi zilipo

Zilizo chuoni zinatangulia, na bora kuliko zote ni kitabu cha wageni. Hakuna anayekitia chumvi: mkaguzi amekuja, ametia tarehe, na mara nyingi amemtaja aliyempokea. Cha pili ni vyeti vya wahitimu, ambavyo haviko chuoni. Viko majumbani, chini ya magodoro na ndani ya masanduku. Waombe wahitimu wa kila mwaka wakupigie picha cheti, na sehemu ya alama waifunike kwa karatasi. Unachotaka ni saini, jina, cheo na tarehe. Vyeti ishirini vya miaka tofauti vinaweza kuujenga upya mnyororo mzima. Kisha tafuta taarifa za makabidhiano, kumbukumbu za vikao na orodha za mishahara. Ukikuta mshahara wa rupia, ujue karatasi ni ya kabla ya 1936, mwaka ambao Zanzibar iliingia katika shilingi ya Afrika Mashariki kwa shilingi moja na senti hamsini kwa kila rupia.

Baada ya hapo nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, na barua ya utambulisho ya chuo. Omba orodha ya mafaili kabla ya kuomba faili. Mafaili ya Sekretarieti ya wakati wa Waingereza yanaanza na herufi AB, ripoti zilizochapishwa za serikali ziko chini ya BA. Pitia pia Gazeti Rasmi, linalotangaza uteuzi na likizo za maofisa, na likizo ya mkuu ndiyo inayomfichua kaimu. Nakili namba kamili ya faili ukiwa umekaa hapo hapo. Picha mia za simu zisizo na namba hazimsaidii mtu. Kila faili lianze kwa picha ya jalada lake.

Kama chuo kina asili ya misheni, njia inakwenda mbali zaidi. Karatasi za UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliokuwa na chuo cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani kabla hakijahamia Minaki, Tanganyika, zimehifadhiwa Maktaba ya Bodleian, Oxford. Waandikie, uwape miaka mahsusi.

Wazee na tarehe zao

Mzee hakwambii "Machi 1972". Atakwambia "Maalim alikuja kabla hajauawa Mzee Karume", na hiyo ni tarehe nzuri kuliko mwaka wa kubahatisha. Usimlazimishe atoe tarakimu. Nenda na orodha ya matukio, umuulize kila moja: lilikuta nani ofisini? Mapinduzi, 12 Januari 1964. Tangazo la elimu bila malipo, 23 Septemba 1964. Kifo cha Karume, 7 Aprili 1972. Kuzaliwa kwa CCM, 5 Februari 1977. Kujiuzulu kwa Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, Januari 1984. Mvua za El Niño, 1997 na 1998. Giza la miezi mitatu Unguja, umeme ulipokatika, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Kuzama kwa meli ya Spice Islander, 10 Septemba 2011.

Wengine huhesabu kwa mifungo, yaani miezi ya Kiislamu inayofuata Ramadhani. Mfungo Mosi ni Shawwal, Mfungo Tatu ni Dhulhijja, Mfungo Sita ndio wa Maulidi. Miezi hii hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka, hivyo Mfungo Sita wa 1964 hauko mahali pamoja na wa 1980. Ipatie kwanza mwaka, ndipo uigeuze. Mapinduzi yalitokea siku chache kabla ya Ramadhani, kwa hiyo "Idi ya kwanza baada ya Mapinduzi" ni katikati ya Februari 1964.

Nenda baada ya alasiri, salimia, ulizana hali kama inavyopasa, usitoe kinasa sauti mpaka chai imenyweka. Omba ruhusa ya kurekodi, nayo irekodiwe. Saa moja na nusu yatosha. Kila saa ya mazungumzo itakula saa nne hadi sita za kuyaandika. Barazani penye watu watano utapata hadithi tamu na tarehe mbovu, maana mmoja akisema 1975 wote wataitikia. Zungumza nao mmoja mmoja.

Kushika karatasi

Unyevu wa pwani na mchwa vimekula zaidi ya moto. Mikono iwe safi na mikavu, penseli tu mezani, pini na vibanio vyenye kutu vitolewe taratibu. Hati ziskaniwe kwa dpi 300 (nukta kwa kila inchi), picha kwa dpi 600, na nakala mbili zikae majengo mawili tofauti. Kurasa zilizogandana usizivute. Ziache, umwite mwenye ujuzi wa kuhifadhi nyaraka.

Unapoandika

Tenga alichofanya mkuu na kilichotokea zamani zake. Jengo lililofunguliwa akiwa ofisini huenda liliombwa na aliyemtangulia. Tafuta barua ya maombi. Sababu za kuondoka zataka uangalifu zaidi, hasa za 1964 na miaka iliyofuata. Bila hati usiandike "alifukuzwa" wala "alikimbia". Andika: "saini yake haionekani tena baada ya mwezi fulani." Familia yake ingali mtaani, na sentensi hiyo ni kweli.

Jedwali likikamilika, ubao uandikwe upya. Mwambie fundi rangi aache nafasi tupu pale penye pengo, na makaimu watiwe kwa herufi za ukubwa ule ule. Ubao wa zamani usichanwe kuni: upige picha mbele na nyuma, kisha uuhifadhi stoo, palipo pakavu.