Kuzungumza na Mnara wa Mombasa: Mwongozo kwa Rubani wa Ndege Ndogo

Mwongozo huu nimewaandikia wenye leseni ya rubani binafsi, pamoja na wanafunzi wanaokaribia kuipata, ambao huweza kutua katika upepo wa ubavuni bila wasiwasi lakini hukaukiwa na mate wanapotakiwa kubonyeza kitufe cha redio. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ulioko Mombasa, ndege ya viti vinne hutumia anga moja na ndege kubwa za abiria zinazotoka Nairobi na ng'ambo, na ndiyo maana wengi huhisi kwamba wanamsumbua mwongoza ndege aliye mnarani kila wanapofungua kinywa. Hisia hiyo si sahihi. Mwongoza ndege anakuhitaji useme ulipo na unachokusudia, kwa sababu hawezi kuwapangia wengine nafasi kabla hajajua yako.

Hatua ya kwanza: tayarisha sikio kabla ya mdomo

Kabla ya kuwasha injini, andika kwenye karatasi ya gotini mambo unayotarajia kuambiwa: njia ya kurukia itakayotumika, upepo, kanieneo ya hewa, msimbo wa transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada) na mwinuko. Sikio linalojua linachongojea husikia hata pale redio inapokwaruza.

Aliyelelewa pwani ana urithi mkubwa katika jambo hili. Njia kuu ya kurukia ya Mombasa ina namba 03 upande mmoja na 21 upande wa pili, yaani nyuzi 030 na 210 za dira. Majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo tarajia 03. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, tarajia 21. Asubuhi mapema umande, yaani upepo mwanana utokao bara, unaweza kuvuruga hesabu hiyo, basi sikiliza kwanza ndege nyingine zinapewa njia gani. Kutarajia hakutoshi kuwa kibali, lakini kunakuwezesha kutambua mara moja unapoambiwa jambo tofauti.

Hatua ya pili: wito wa kwanza

Sema unamwita nani, wewe ni nani, kisha nyamaza umsubiri. Akikuitikia, mpe kwa mpangilio huu: aina ya ndege, mahali ulipo, mwinuko na kusudio lako. Ukitoka Malindi, usingoje mpaka uione Nyali. Ita ukiwa Kilifi, takriban maili za baharini 28 kutoka uwanjani, ili upewe maelekezo mapema. Mkono wa bahari wa Mtwapa uko maili 10 hivi kaskazini-mashariki mwa uwanja, na hapo muda wa kuzunguka na kusubiri tayari umekuwa mfupi. Taja umbali na upande hata kama umetaja mahali, kwa maana rubani mgeni aliye angani naye anakusikiliza, na huenda hajui Mtwapa iko wapi.

Mazungumzo haya hufanyika kwa Kiingereza, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka rubani afikie angalau daraja la 4 la ufasaha. Usijitese kutafuta lafudhi ya wageni. Tamka polepole, tumia maneno ya kawaida ya redio, na tarakimu uzitaje moja moja.

Hatua ya tatu: rudia kibali neno kwa neno

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi. Kurudia ulichoambiwa ni ukaguzi wa mwisho: mwongoza ndege husikiliza kama ulichoshika ndicho alichokitoa. Ni lazima urudie kila kibali cha kuingia, kuvuka, kurukia au kutua kwenye njia, agizo la kusimama kabla ya njia, namba ya njia inayotumika, kanieneo ya hewa, msimbo wa transponda, mwinuko, mwelekeo na mwendo. Neno "roger" maana yake ni kwamba umepokea ujumbe wote, basi. Halithibitishi kwamba umeuelewa.

Nilijifunza hilo kwa fedheha. Katika mojawapo ya safari zangu za kwanza za peke yangu, niliambiwa niwe wa pili kutua, nyuma ya ndege ambayo sikuwa nimeiona, nami nikajibu "roger" kwa sababu niliona haya kuuliza. Niligeuka mapema mno, nikajikuta mbele ya ndege niliyopaswa kuifuata, na ikabidi mwenzangu akatize kutua kwake. Maneno mawili, "say again" (rudia ulichosema), yangetosha.

Zingatia hasa kanieneo ya hewa. Kila hektopaskali 1, kipimo cha kanieneo, ni karibu futi 30 za mwinuko. Ukisikia 1013 mahali pa 1003 na kuiweka kwenye kipimamwinuko, kitakuonyesha kwamba uko juu kwa futi 300 kuliko ulivyo kweli, na uwanja wenyewe uko futi 200 tu juu ya usawa wa bahari.

Vilevile, usilitamke neno "take-off" mpaka utakapokuwa unarudia kibali chenyewe cha kuruka. Kabla ya hapo sema "departure". Utaratibu huo ulikazwa baada ya tarehe 27 Machi 1977, wakati ndege mbili aina ya Boeing 747 zilipogongana huko Tenerife na watu 583 wakafa, baada ya rubani mmoja kuanza kuruka bila kibali.

Hatua ya nne: kataa inapobidi

Ukipewa agizo usiloweza kulitekeleza kwa usalama, kwa mfano kuingia wingu ilhali unaruka kwa kuona, sema "unable" (siwezi) na utaje sababu kwa kifupi. Ukiwa nyuma ya ndege kubwa inayoondoka, una haki ya kusubiri dakika 2 ili msukosuko wa mabawa yake upungue, au 3 ikiwa unaanzia katikati ya njia.

Hatua ya tano: mambo yakiharibika

Kwa hatari kubwa tamka "Mayday" mara tatu kwenye masafa uliyopo, au kwenye masafa ya dharura ya 121.5 usipopata jibu, na uweke msimbo wa transponda 7700. Redio ikifa, weka 7600 na utazame mnara: taa ya kijani isiyopepesa inakuruhusu kutua, na nyekundu isiyopepesa inakutaka uwapishe wengine na uendelee kuzunguka.

Ukiondoka Mombasa kwenda kwenye kiwanja kisicho na mnara, kumbuka kuufunga mpango wako wa safari kwa simu mara tu utakapotua, kwa sababu dakika 30 baada ya saa uliyotarajiwa kufika, watu wale wale uliokuwa ukiogopa kuwasumbua wataanza kukutafuta.