Takwa na Shela kwa alasiri moja: anza na maji

Anayetaka kutoka Lamu mjini kwenda kuona msikiti na kaburi la nguzo la Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, apange safari kwa maji kwanza, saa baadaye. Mkono wa bahari unaoingia huko hupita katikati ya mikoko na kina chake ni kidogo. Maji yakipwa, chombo hukalia tope, na kusukuma hakusaidii. Mtangoja maji yarudi, na yatarudi usiku.

Siku nzuri ni za bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kupwa sana: mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, na siku moja inayofuata. Hapo maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, hayapandi sana, kwa hiyo tafuta chombo kidogo au ahirisha.

Kabla ya kuzungumza bei, kubaliana na nahodha saa ya maji kujaa, saa ya kuondoka Takwa, na kwamba atawashusha Shela, kijiji kilicho kisiwani Lamu. Ondokeni Lamu ikiwa imebaki muda wa saa mbili maji yajae. Kwa tanga ongezeni saa moja, maana upepo hauna ahadi. Yakianza kupwa tu, rudini chomboni.

Beba maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa kila mtu. Visima vya Takwa viliingia chumvi, na hiyo hutajwa kuwa sababu ya wenyeji kuhamia Shela karne ya 17. Mahali hapa pako chini ya Makumbusho ya Taifa na kuna ada. Uliza jinsi ya kulipa kwenye makumbusho ya Lamu kabla ya kuvuka.

Msikitini, simama mbele ya mihrabu uinue macho: juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo nzima, jambo la nadra hata kwa magofu ya pwani. Kaburi la nguzo liko nje ya ukuta wa mji, lina mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1683. Usiliegemee wala kupanda kuta. Lipu ya chokaa ikishamomonyoka hairudi. Tena hapa si gofu tupu: watu wa Shela bado huvuka kuja kuomba mvua. Wanaume wavae suruali ndefu au kikoi, wanawake wajitande kanga.

Shela, tazameni Msikiti wa Ijumaa wa 1829 na mnara wake mrefu uliochongoka. Asiye Mwislamu aombe ruhusa ya kuingia mlangoni, lakini si wakati wa adhana. Wakati huo atazame kwa nje, waumini waswali. Kurudi Lamu kwa miguu kando ya bahari ni kilomita 3 hivi, dakika 45. Ngojeni Maghribi ipite ndipo mtoke, kwani bamvua likijaa maji hupiga ukutani na njia hufunikwa. Bebeni tochi.