Unauza gari ya kulala porini? Mwenyewe au yadi

Kama una Landcruiser au Hiace uliyoitengeneza ikawa ya kulala porini, tenti juu, friji, betri ya pili, jiko la gesi nyuma, na sasa unataka kuiuza, jua kwamba wateja wake sio wale wa IST. Ni wachache, kampuni ndogo za utalii Arusha na Moshi, wageni wanaoishi hapa, familia zinazopenda Tarangire na Serengeti, ila wakija wanajua wanachotaka na watakagua mpaka uvunguni.

Bei angalia gari kama hiyo ikiwa tupu inauzwaje, mwaka huohuo injini hiyohiyo, halafu ndo uongeze vifaa, na usitegemee vifaa virudishe hela uliyonunulia maana havirudishi. Tenti nzuri saa nyingine inalipa zaidi ukiiuza pembeni. Tangaza Aprili na Mei, mvua inanyesha watalii wachache, kampuni zinajipanga kwa msimu wa Juni.

Kabla ya picha, lala humo usiku mmoja. Washa friji uone kama betri inafika asubuhi, mwagia paa maji hasa pale lilipotobolewa kufunga reki, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi, uone kama kuna kinachovuja. Halafu piga picha kila kitu, vitanda vikiwa wazi, chesisi kwa chini, hata kutu piga.

Sasa yadi au mwenyewe? Mimi nasema mwenyewe kama una muda, kwa sababu kijana wa yadi anajua kusifia injini na rangi, ukimuuliza sola anakwambia "iko freshi" basi, na mteja wa gari hii anaondoka hapohapo. Ila kama unahama nchi, yadi sawa tu, lakini muandikishane. Wengi watakwambia nipe bei yako mi ntaweka cha juu, na hapo hutajua imeuzwa ngapi, akikaza cha juu chake gari inakaa inanyeshewa miezi na wewe ndo unaumia. Kubalianeni asilimia, bei ya mwisho, muda, paking nani analipa, nani anaruhusiwa kuijaribu barabarani, kilomita zilizosoma siku unakabidhi, na listi ya vifaa mpaka vigingi vya tenti. Bima yako pia uliza kama inafanya kazi gari ikiwa yadi. Na kadi orijino ya gari ibaki kwako, wao wape kopi, hili usilegeze kabisa hata kama mwenye yadi ni shemeji yako.

Mteja akipatikana, faini za trafiki za hiyo namba ziangalie kwenye TMS, mfumo wa mtandaoni wa polisi, uzimalize, kama ulibadili rangi au injini kadi iendane, mkataba muandike kwa wakili, wote mna vitambulisho na TIN. Hela iingie benki kwa TISS, yaani uhamisho wa benki kwa benki, skrinishoti na meseji sio hela, piga simu benki mwenyewe, ikishasoma ndo unatoa kadi na funguo. Halafu usiishie hapo, fuatilia TRA mpaka jina lako litoke, maana faini na ajali zitakutafuta wewe. Kuna ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, nani analipa malizeni kwenye mkataba.

Na kama gari ina namba za nje na iliingia kwa kibali cha muda, anzia forodha TRA kwanza, hiyo huiuzi mpaka kodi ilipwe.