Kukokotoa kona bora ya ndege ya kivita, hatua kwa hatua

Fungua Excel uandike namba tatu za ndege yetu ya mfano: mwendo mdogo kabisa ambao mbawa bado zinaibeba ikiruka moja kwa moja, mita 65 kwa sekunde, g ya juu inayohimiliwa na bodi (g ni nguvu ya kunyanyua ikilinganishwa na uzito wa ndege), 7, na mvutano wa dunia, 9.81.

Hatua ya 1: mwendo wa kona. Zidisha 65 kwa kipeuo cha pili cha 7. Unapata takriban 172. Chini ya hapo mbawa zinashindwa kufikisha g 7; juu ya hapo zinaweza kuipita, lakini bodi hairuhusu.

Hatua ya 2: duara. Chukua g kwa kipeo cha pili, toa 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 9.81. Jibu ligawe kwa mwendo, kisha zidisha kwa 57.3: hizo ni nyuzi kwa sekunde. Mwendo kwa kipeo cha pili ukiugawa kwa jibu lilelile, unapata nusu kipenyo.

Kwa 172 ndege inageuka nyuzi 22.6 kwa sekunde, kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 435. Kwa 250 ni nyuzi 15.6, mita 920. Kwa 120, ambapo mbawa zinatoa g 3.4 tu (120 gawa kwa 65, kipeo cha pili), ni nyuzi 15.3, mita 451.

Hatua ya 3: nishati. Wengi huishia hatua ya pili, na hapo ndipo hesabu zao zinapoharibika. Ukinzani wa hewa unaotokana na kunyanyua hukua kwa kipeo cha pili cha g: kwa mwendo uleule, g 7 huuzidisha karibu mara 49. Toa ukinzani wote kwenye msukumo wa injini, gawa kwa uzito, zidisha kwa mwendo. Kipimo hiki ndicho John Boyd, rubani wa kivita wa Marekani, na mwanahisabati Thomas Christie walichokijengea nadharia yao ya nishati na wepesi wa ndege huko Eglin, kituo cha jeshi la anga Florida, miaka ya 1960. Tuseme ni hasi 150, yaani unapoteza nishati sawa na kushuka mita 150 kwa sekunde. Bila kubadili kimo, unapoteza mita 8.6 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya sekunde tatu umebaki na kama 146, na nyuzi 22.6 zimekuwa 19.

Hatua ya 4: kutafuta njia. Anza juu kidogo ya mwendo wa kona, 190 hivi, ushushe pua ili uzito wenyewe usaidie injini. Rudia hesabu kila sehemu ya kumi ya sekunde, ukibadilisha g na mwinamo, hadi upate muda mfupi zaidi wa nyuzi 180. Weka pia sharti la mwendo wa mwisho. Bila sharti hilo, kompyuta itakupa kona ya haraka inayomwacha rubani bila mwendo wa kona ya pili.