Somo: Kusogeza lengo kwa dakika tano, kumi, kumi na tano

Wengi wanaosema hawana muda wanao, ila umekatikakatika: dakika nane kwenye foleni, kumi na mbili ndani ya basi, tano maji yakichemka. Unapoupata hujui ushike nini, na ukishajua, kitu chenyewe hakipo karibu. Katika nafasi ya dakika 10, kutafuta daftari na kukumbuka ulipoishia kunaweza kula 4. Ndiyo maana somo hili karibu lote ni maandalizi.

Hatua ya 1: Pima. Kwa siku tatu andika kila unapokaa bure: saa ngapi, dakika ngapi, na kipi kati ya mikono, macho na masikio kiko huru. Hilo la mwisho watu hulisahau. Ukiwa umesimama ndani ya basi umeshika chuma, masikio tu ndiyo yaliyo huru, basi hapo panga kusikiliza. Nafasi zinazojirudia kila siku ndizo za kujengea. Nyingine zihesabu kama nyongeza.

Hatua ya 2: Chagua lengo moja. Yakiwa mawili au zaidi, kila nafasi itaishia kwenye kuchagua.

Hatua ya 3: Kata kazi. Hapa usiharakishe, maana wengi hukwama hapa. Kila kipande kiwe na kitenzi na mwisho unaoonekana. "Kusoma hesabu" haina mwisho. "Fanya swali la 4 hadi la 6, ukurasa wa 31" inao. Chukua ripoti ya kurasa kumi. Vipande vyake vinaweza kuwa hivi:

- andika vichwa vidogo vya sehemu ya pili (dakika 7)
- andika sentensi ya kwanza chini ya kila kichwa (dakika 10)
- hakiki jumla za jedwali la 2 (dakika 4)
- soma aya mbili kwa sauti ya chini, futa maneno ya ziada (dakika 4)

Kipande kisizidi theluthi mbili za nafasi uliyonayo. Nafasi ya dakika 10 ipe kazi ya dakika 6. Zinazobaki ni za kufungua na kufunga.

Zipo kazi zisizokatika, na ni vizuri kulikubali hilo mapema. Kupanga mtiririko wa ripoti nzima, kutatua aina mpya ya hesabu, kusaka hitilafu kwenye programu: zote zinadai ushike mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionesha kwamba mtu akiacha kazi haijaisha na kurukia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka. Kazi hizo zitengee saa nzima, hata kama ni mara moja kwa wiki. Dakika ndogondogo zitumie kukusanya takwimu, kuandika maswali na kusafisha rasimu, ili saa hiyo ikifika uingie moja kwa moja.

Hatua ya 4: Fungasha. Kadi au kijidaftari cha mfukoni, na kalamu iliyofungwa humo humo. Kila jioni hakikisha kina vipande vitano vya dakika 5 na vitatu vya dakika 10. Ukitumia simu, weka faili kwenye skrini ya kwanza, lifunguke bila intaneti, na uzime arifa. Ujumbe mmoja tu unatosha kumaliza nafasi yote.

Hatua ya 5: Ifunge kazi na tukio. "Nikishakaa kwenye kiti, natoa kadi." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nitafanya lile"; hukuondolea kazi ya kuamua pale pale.

Hatua ya 6: Acha alama. Dakika ya mwisho andika kinachofuata: "Linganisha jedwali la 2 na la 3, tofauti iko mstari wa mwisho." Ukiandika "endelea" tu, kesho utaanza kwa kusoma upya.

Dakika 15 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni saa moja na nusu. Kwa wiki 50 ni saa 75. Panga lengo linaloingia humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, asante kwa somo. Nina mtoto mchanga, sijui nafasi itakuja saa ngapi wala itadumu kiasi gani. Nianzie wapi?
Hongera kwa mtoto, dada. Achana na saa, fuata tukio: akishalala. Kata vipande vya dakika 3, na uandike alama kabla ya kuanza badala ya mwishoni, kwa kuwa mwisho wako hauutawali.

Najifunza maneno 20 ya lugha ngeni asubuhi kwenye basi, jioni yamepotea. Nakosea wapi?
Ni mengi, na bila shaka unayasoma kwa macho tu. Chukua 7, funika tafsiri, jiulize. Yarudie jioni ile ile, kesho yake, siku ya tatu, kisha ya saba. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alishaonesha mwaka 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa hushika kuliko ya mkupuo mmoja, kwa hiyo kwenye kazi hii nafasi fupi ni faida kabisa.

Mkuu, nikijaza kila nafasi nitapumzika lini?
Usijaze zote, ndugu. Chagua mbili au tatu kwa siku, zile ambazo akili bado ina nguvu. Nafasi ya baada ya kazi nzito iache wazi, na usiipe simu. Ukiona siku tatu mfululizo unatoa kadi na kuirudisha bila kufanya kitu, angalia kwanza ukubwa wa vipande. Mara nyingi kilicho juu ni kikubwa mno. Kikate mara mbili ujaribu tena.